Kabla ya kuagiza shayiri, tazama chini ya mkorosho

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani yangu hapa Kilwa Masoko alinijia na simu mkononi. "Shikamoo mama. Nataka kuanza kutengeneza bia nyumbani. Vitu hivi nitavipata wapi huku kwetu?" Nikavaa miwani nikasoma: kimea cha shayiri, hopsi, hamira ya bia, pipa la chuma kisichoshika kutu.

Sikumficha. Shayiri ya nchi hii hulimwa kaskazini, Arusha, Manyara na Kilimanjaro, na mara nyingi hulimwa kwa mkataba na viwanda vya bia. Hopsi huagizwa kutoka ng'ambo. Akivinunua vyote hivyo, akalipia na mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam, bia yake itakuwa ghali kuliko ya dukani, na bado hajajua kama itanyweka.

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Nina mikorosho minne, na huu ndio msimu wake. Mabibo yalikuwa yametapakaa chini, mekundu na ya manjano, mengine yamepasuka, nyuki wamejaa. Nikaokota moja, nikanyonga korosho ikatoka, nikampa bibo. "Mwanangu, anza na hili."

Ninaandika leo kwa sababu neno nililomwambia yeye linawahusu wengi kuanzia Kilwa hadi Lindi mjini na bara yake yote. Ufundi wa kutengeneza kinywaji kwa mikono tunao. Mali ghafi tunayo, inaoza. Tunachokosa ni usafi wa uhakika, na serikali inayotenganisha uraka wa kuchachusha na gongo ya kukeneka.

Nilizaliwa Nyangao, kwenye barabara ya kwenda Masasi. Bibi yangu alitengeneza uraka wa mabibo wakati wa korosho, na pombe ya mtama miezi mingine. Mtama aliuloweka usiku mmoja, akautandaza juu ya gunia bichi na kuufunika, akaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu chipukizi zilikuwa zimefikia urefu wa punje yenyewe. Hapo akauanika, akausaga, akapata kimea. Kazi ya kimea hicho ndiyo ile ile ya kimea cha shayiri: punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira hula sukari hiyo ikatoa kileo na hewa. Bibi hakulijua neno kimeng'enya, lakini alijua siku ya kuanika.

Ukifika Kilwa Kivinje utaona ufundi mwingine. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni na kotama kiunoni, anakata ncha ya karara, anafunga kibuyu. Tembo la asubuhi ni tamu, la mchana linatoa povu, na likikaa siku kadhaa wazi linakuwa siki ya achari. Halihitaji hamira ya pakiti, kwa kuwa chachu ya asili imo hewani na kwenye kibuyu cha jana.

Lakini kwa anayeanza, napendekeza mabibo, kwa sababu hayana bei na hayangoji. Bibo likidondoka leo, kesho limeharibika. Kwa kila kilo ya korosho ghafi mkorosho hutoa kilo tano hadi kumi za mabibo. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Piga hesabu kwa kiwango cha chini: tani milioni moja na nusu za tunda, lenye vitamini C kupita chungwa, sehemu kubwa ikabaki chini ya miti. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na nchi nzima ikazungumza bei hiyo. Bei ya bibo haikumhangaisha mtu.

Sasa vifaa. Unahitaji ndoo mbili za plastiki za lita 20, zenye vifuniko, zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Nasisitiza kwa sababu huku kwetu ndoo na madumu ya dawa za mikorosho yamejaa majumbani. Chombo kilichobeba dawa ya ubwiriunga kisiguse kinywaji, hata ukikiosha mara kumi. Mabibo nayo yaoshwe kwa maji safi, maana mti ulipuliziwa. Usitumie sufuria ya chuma, kwani ukakasi wa bibo ukikutana na chuma, maji yanakuwa meusi. Ongeza kitambaa cheupe cha kuchujia, mrija mwembamba wa plastiki, na hamira ya mkate ambayo ipo kila duka. Kitu pekee nilichoagiza Dar es Salaam ni kipimo cha kioo kinachoelea, kinachonionyesha sukari iliyobaki. Anayeanza anaweza kukisubiri.

Ponda mabibo kwenye kinu cha mti, kamua, chuja. Ili kupunguza ule ukakasi unaokaba koo, mimina maji ya uji mwepesi wa mchele uliopoa, koroga, acha utulie. Takataka zitazama chini, na maji ya juu yatang'aa. Yamimine taratibu kwenye sufuria isiyo ya chuma, yachemshe kidogo, yaache yapoe kabisa, yatie kwenye ndoo ya pili, ndipo utie kijiko kidogo cha hamira kwa kila lita tano. Toboa kifuniko, pitisha mrija, ncha yake ya nje izame kwenye chupa ya maji. Hewa itatoka ikitoa mapovu, nzi hawataingia.

Somo la mapovu hayo nimelilipia. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga chupa kinywaji kikiwa bado kinachemka chenyewe kwa ndani. Usiku wa manane chupa tatu zilipasuka. Kipande cha kioo kilikita kwenye mlango wa chumba alimolala mjukuu wangu, shibri moja juu ya kitasa. Tangu siku ile sifungi chupa mpaka mapovu yakome siku mbili mfululizo. Anayefundisha utengenezaji wa pombe bila kufundisha hilo anaficha hatari.

Hapa ndipo ninapokuja kwa wakubwa wetu. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 inazitambua pombe za kienyeji na kuzipangia leseni. Moshi, yaani gongo, ina sheria yake tangu 1966, na huku kusini gongo ya mabibo tunaiita nipa. Uraka umechachuka tu. Nipa ni uraka uliokenekwa, yaani uliochemshwa na mvuke wake kukusanywa. Tofauti hiyo si ya jina. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na etanoli kwenye 78, kwa hiyo anayekeneka bila kipimo anaweza kujaza sumu kwenye chupa ya kwanza, na mfanyabiashara mwenye tamaa anaweza kuongeza ya viwandani. Watu wanapofuka macho kwa pombe, mara nyingi chanzo ni huko. Kwa hiyo siombi nipa ifunguliwe milango.

Lakini nimeona kwa macho yangu, katika kijiji ambacho sitakitaja, ndoo sita za uraka zikimwagwa pamoja na mtambo wa nipa wa nyumba nyingine, kana kwamba ni kosa moja. Mwenye ndoo alikuwa mjane. Msimu uliofuata naye alinunua mtambo. Alinieleza sababu: kama adhabu ni ile ile, bora kuuza chenye bei. Tukichanganya mambo mawili, tunamsukuma mtu kutoka kwenye lisilodhuru sana kwenda kwenye linaloua.

Wengine wameyapa mabibo thamani, ingawa wao hukeneka. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 na Goa mwaka 1510, na hao ndio waliouleta mkorosho kutoka Brazil pande zote mbili za bahari. Watu wa Goa wana kinywaji cha mabibo wanachokiita urrak, jina ambalo sikio la Lindi halitalikosea, na kingine kiitwacho feni. Mwaka 2009 feni ilisajiliwa rasmi kuwa mali ya Goa kwa jina. Kwetu, kiwanda kilichoanzia kwenye ndizi za kawaida kinauza mvinyo wa ndizi kutoka Arusha. Sisi tuna watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara, wanaoijua mikorosho kuliko yeyote.

Najua ninaandika katika pwani ambayo wengi hawanywi, kwa imani yao, na ninaiheshimu. Mama wa nyumba ya pili ni hajati. Kila asubuhi ya msimu mimi humpelekea jagi la maji ya mabibo yaliyokamuliwa saa ile ile, kabla hayajaanza kuchacha, na yeye hunirudishia jagi likiwa na vitumbua. Bibo safi lina kazi kwake na kwangu. Ninachotaka ni lisioze.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri za Kilwa, Mtama na nyinginezo ni hili: toeni leseni ya msimu ya uraka, kuanzia Oktoba hadi Januari, kwa ada ambayo mjane anaimudu. Sharti liwe siku mbili za mafunzo ya usafi na bwana afya kukagua ndoo. Mkimkuta mwenye leseni hiyo na mtambo wa kukeneka, mnyang'anyeni leseni.

Yule kijana alirudi jana na ndoo yake, akitaka nisikilize. Niliweka sikio kwenye kifuniko. Kwenye chupa ya maji mapovu yalikuwa yanapanda moja moja, siku ya nne. Aliniuliza kama anaweza kufunga chupa sasa. Nikamwambia bado.