Deni Ndilo Mnyororo wa Leo



Tangu sheria ya mwaka 2015, kampuni kubwa zifanyazo biashara Uingereza, zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, hutakiwa kutoa taarifa kuhusu utumwa katika shughuli zao na kwa wauzaji wao. Taarifa ni karatasi. Nani ameteremka shimoni Kolwezi, inakotoka kobalti ya betri, akauliza?

Wako wachimbaji wa mkono wanaokopeshwa chakula na vifaa na tajiri, kisha hulazimika kumwuzia yeye tu, kwa mizani yake na bei yake. Asiyeweza kuondoka kwa sababu ya deni si mtu huru. Kongo iliridhia Mkataba namba 29 dhidi ya kazi ya kulazimishwa tangu mwaka 1960.

Sisi tunadai haya: deni liandikwe na liwe na kikomo, mizani isomwe mbele ya mjumbe wa wachimbaji, kampuni ikikuta uovu isikimbie, bali iurekebishe, maana ikikimbia, mnyonge atabaki na tajiri yule yule.

Mkaguzi huja siku moja. Mjumbe wa wafanyakazi yupo kila siku.