Mwambie Wewe Kabla Hajaambiwa na Google

Mwezi huu nawafungulia kabati langu mwenyewe.

Mwaka 2018, wiki tatu kabla ya kutolewa mahari, mchumba wangu alikuja nyumbani jioni bila kupiga simu. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alininyooshea simu yake na kuuliza, "Hebu niambie, huyu ni nani?"

Alikuwa ni mimi. Nywele timutimu, macho mekundu, nimesimama mbele ya ukuta wa kijivu. Chini ya picha kulikuwa na jina langu kamili, tarehe niliyokamatwa na neno moja la Kiingereza ambalo hata mtoto wa darasa la nne anajua maana yake: wizi.

Wifi yangu mtarajiwa anaishi Dallas. Kama mawifi wote duniani, alitaka kujua kaka yake anaoa nani, akaandika jina langu kwenye Google. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, na nyie mnafanya, msinidanganye!

Sasa mkasa wenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Houston, jimbo la Texas. Jumamosi moja nilikwenda dukani na msichana niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Mwenzangu alitumbukiza vipodozi kwenye mkoba wake, mimi sina habari. Mlangoni walinzi wakatudaka wote wawili, polisi wakaitwa. Nililala ndani usiku mmoja. Nikapigwa picha, nikachukuliwa alama za vidole. Baada ya miezi miwili mwendesha mashitaka aliangalia video ya dukani, akaona sikugusa kitu, akaifuta kesi yangu. Nikalia kwa furaha. Nikaamini yamekwisha, na sikumsimulia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kesi kufutwa ni kitu kimoja, na kumbukumbu ya kukamatwa ni kitu kingine kabisa. Kesi ilikufa, lakini karatasi inayosema "fulani alikamatwa siku fulani kwa tuhuma fulani" ilibaki hai kwa sherifu, mahakamani na kwa serikali ya jimbo.

Kwetu jirani hawezi kukaa sebuleni kwake akafungua orodha ya waliolala kituoni jana. Tunazo taarifa za saluni na kijiweni, lakini faili la polisi linabaki polisi. Marekani ni tofauti. Kaunti nyingi huweka wazi majina ya watu waliokamatwa, na mtu yeyote anaweza kuyatafuta. Sababu yake si ya kipuuzi: serikali isiweze kumfungia mtu kimyakimya ndugu zake wasijue yuko wapi. Ukifikiria vizuri, ni ulinzi kwa raia.

Tatizo lilikuja na intaneti. Zamani ilibidi ufunge safari hadi ofisi ya kaunti na uombe faili. Siku hizi kampuni binafsi huzikomba kumbukumbu hizo kwa maelfu na kuzibandika mtandaoni, na baadhi yao zilikuwa zikikudai hela ili wakuondolee picha yako. Yaani wanakuchafua wao, halafu wanakuuzia sabuni! Majimbo kadhaa yamepiga marufuku biashara hiyo. Kwa mfano California, tangu mwaka 2015, hairuhusu kumtoza mtu ada ili picha yake ya polisi iondolewe. Hata hivyo, picha ikishanakiliwa sehemu tano, kuifukuza ni kazi.

Turudi sebuleni kwangu. Nilimweleza mchumba wangu kila kitu, nikamwonyesha na barua ya mahakama niliyokuwa nimeihifadhi kwenye bahasha. Aliisoma mara mbili. Nikadhani atafurahi. Akaniambia, "Nakuamini hukuiba. Kinachoniuma ni kwamba tumekuwa pamoja miaka minne na jambo hili naletewa na dada yangu. Kuna lingine?"

Swali hilo, "Kuna lingine?", ndilo lililotugharimu. Hapakuwa na lingine, lakini mtu aliyeficha moja atathibitishaje kwamba hakuna la pili? Mahari ikasogezwa mbele. Kwa wakwe nako maneno yalianza, maana Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama mkwe mtarajiwa aliacha kuniita "mwanangu" kwa miezi kadhaa. Acheni tu.

Nikaamua kusafisha jina. Nilipata wakili Houston, tukafungua maombi ya kufuta kumbukumbu. Kwa sheria ya Texas, mtu ambaye kesi yake ilifutwa anaweza kuomba hivyo, ila kuna muda wa kungoja kulingana na kosa. Langu lilikuwa kosa dogo ambalo ukomo wake wa kushtakiwa ni miaka 2, na muda huo ulikuwa umeshapita zamani. Jaji akikubali, amri hupelekwa kwa kila ofisi iliyotajwa kwenye maombi, na inabidi ziharibu au zirudishe kumbukumbu hizo. Baada ya hapo sheria inakuruhusu kusema hukukamatwa, isipokuwa ukiulizwa chini ya kiapo kwenye kesi ya jinai. Hapo utajibu tu kwamba suala hilo limefutwa. Ada za wakili zilikula hela yangu ya keki na mapambo, na sijutii hata senti moja.

Kwa wale mlio ughaibuni, mnaotarajia kwenda, au wenye wachumba huko, shikeni haya:

1. Sheria inayohusika ni ya jimbo ulikokamatwa, siyo unakoishi. Pennsylvania, kwa mfano, ilikuwa ya kwanza mwaka 2018 kupitisha sheria ya kuzifunga baadhi ya kumbukumbu zenyewe bila mtu kuomba. Kwingine usipoomba, zinabaki.

2. Tofautisha kufuta na kufunga. Kilichofutwa huharibiwa. Kilichofungwa hufichwa kwa umma, lakini baadhi ya ofisi za serikali bado hukiona.

3. Kabla hujafuta chochote, chukua nakala za mahakama zilizogongwa muhuri zinazoonyesha kesi iliishaje. Hili ni muhimu kuliko yote! Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inakutaka ueleze kukamatwa kwako hata kama kumbukumbu ilifutwa, na fomu ya viza nayo inauliza kama umewahi kukamatwa. Ukidanganya, uongo wenyewe unakuwa kosa jipya. Na ukisema kweli bila karatasi, utahangaika kutafuta faili ambalo wewe mwenyewe uliomba lichomwe.

4. Amri ya jaji haifuti Google. Tuma nakala yake kwa kila tovuti yenye picha yako, mojamoja.

5. Kwenye kazi usikate tamaa. Kukamatwa siyo kutiwa hatiani, na mwaka 2012 tume ya Marekani inayosimamia usawa kazini, EEOC, ilieleza wazi kwamba kukamatwa peke yake si uthibitisho kuwa mtu alitenda kosa.

Mume wangu (ndiyo, alinioa!) alinisomea rasimu ya ukurasa huu na kuniambia nimesahau la sita. Anasema angelisikia kwangu mwaka ule tulipoanza, lingekuwa hadithi ya dakika kumi, tena ya kuchekesha. Ana haki. Jaji wa Texas aliweza kufuta picha na alama za vidole. Ule ukimya wa miaka minne hakuna jaji aliyeweza kuufuta. Tuliufuta wenyewe, jioni baada ya jioni, kwa kuulizana na kujibiana.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla hamjagombana kuhusu rangi za sare za harusi, tengeni jioni moja. Zimeni televisheni na muulizane: umewahi kukamatwa, kushtakiwa, kudaiwa mahakamani? Atakayejibu "ndiyo" asikatizwe mpaka amalize.

Wifi yangu naye tumepatana. Ila kila akiletewa mchumba mpya wa ndugu yake yeyote, bado anaingia Google kwanza.

Tukutane mwezi ujao.