Simu yako inajua kuprinti, mbona faili zako zilale saiba?

Kuna sentensi moja ambayo kila kijana wa mjini ameisikia: "Nitumie kwa WhatsApp nikuprintie." Inasemwa Roysambu, inasemwa Kisauni, inasemwa Kondele na Pipeline. Unatoa simu, unahifadhi nambari ya mtu usiyemjua hata jina, halafu unamtumia nakala ya kitambulisho, cheti cha KCSE, barua ya kuomba atachi na cheti cha PIN ya KRA. Unalipa Sh10 kwa kila ukurasa, unachukua karatasi zako na kushika njia. Karatasi umebeba. Faili zimebaki.

Maoni yangu ni kwamba tabia hii ni hatari, na kinachoudhi zaidi ni kwamba hailazimiki. Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kuongea na printa moja kwa moja, bila waya na bila kompyuta ya mtu katikati. Saiba zinafaa kutupa huduma hiyo, na sisi vijana tunafaa kuidai.

Hebu tuangalie kinachobaki nyuma ukishatoka. Faili uliyotuma imepakuliwa kwenye kompyuta ya saiba na iko pale kwenye folda moja na za wateja wengine mia. Keti kwenye kompyuta yoyote ya saiba yenye shughuli nyingi ufungue folda hiyo. Utakutana na wasifu kazi wa watu, hati za kukodisha nyumba, ripoti za hospitali, picha za pasipoti na barua za kuachishwa kazi. Hakuna aliyezificha. Anayekuja kufanya assignment yake anaziona zote.

Wengine hawatumi faili. Wanafungua WhatsApp yao kwenye kompyuta ya saiba kwa kuskani ile kodi, wanaprinti, wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Hapo sasa mtu anasoma hadi unayoambiana na mpenzi wako. Wengine wanafungua Gmail, na kompyuta inapouliza kama ihifadhi nywila, wanabofya ndiyo kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu na mtu wa nyuma anapumua shingoni.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha taarifa ya M-Pesa. Hati hiyo hutumwa ikiwa PDF iliyofungwa, kwa sababu ndani yake mna kila senti uliyopokea na kila senti uliyotuma. Mtu anaipeleka saiba, inakataa kufunguka, basi anamsomea mhudumu nywila kwa sauti mbele ya watu. Umempa mtu usiyemjua sanduku, kisha ukampa na ufunguo.

Unganisha sasa vipande hivyo. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, picha ya uso, PIN ya KRA, na pengine mahali unapoishi. Tapeli anayetaka kujifanya wewe hahitaji zaidi ya hapo. Halafu siku moja unapigiwa simu kuhusu deni la mkopo usioujua, unabaki kujiuliza, walinijuaje?

Nisieleweke vibaya. Siwaiti wahudumu wa saiba wezi. Wengi ni vijana kama sisi wanaosaka riziki, na ndio waliowasaidia wazazi wetu kuingia eCitizen na iTax wakati sisi tulikuwa shuleni. Shida si tabia ya mhudumu. Shida ni kwamba kompyuta ile hukaliwa na kila mtu, hupelekwa kwa fundi ikiharibika, huuzwa ikichakaa, na huibwa mlango ukivunjwa. Waswahili walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye saiba, kata hiyo inapita mikono mingi mno.

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zisihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kwa kazi zilikochukuliwa kufanya. Kazi hapa ilikuwa kuprinti, na ilimalizika kwa dakika mbili. Kitambulisho chako kinafanya nini kwenye kompyuta hiyo miezi sita baadaye?

Sasa tuje kwa simu. Watu wengi wanadhani kuprinti bila waya ni mambo ya ofisi kubwa za Upper Hill. Ukweli ni kwamba teknolojia hii ni ya kitambo. Apple waliweka AirPrint kwenye iPhone mwaka wa 2010. Mwaka wa 2013 kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox ziliunda muungano wa Mopria ili simu za Android na printa za kampuni mbalimbali zielewane bila kuhitaji programu tofauti kwa kila printa. Kuanzia Android 8, iliyotoka 2017, huduma ya kuprinti inakuja ndani ya simu yenyewe. Maanake hata ile simu ya bei ya chini uliyonunua kwa mkopo wa kulipa kila siku, ukiilipia huku ukilalamika, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na uwezo huo tayari.

Zamani kulikuwa na njia ya kupitishia faili kwenye intaneti hadi kwa printa, Google Cloud Print, lakini ilifungwa mwishoni mwa 2020. Njia nyingine, nayo ni bora kwa hoja yangu, ni ya simu na printa kuwa kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi. Simu inauliza, "Kuna printa hapa?" Printa inajibu, "Nipo." Faili inatoka kwa simu inaingia kwa printa. Haipitii kompyuta ya saiba, haiingii kwa WhatsApp ya mtu, na haili bando lako hata kidogo, kwa sababu haitoki nje ya chumba kile.

Kama hakuna Wi-Fi, printa nyingi za siku hizi zina Wi-Fi Direct. Printa yenyewe inatoa mtandao wake, unauona kwenye orodha ya Wi-Fi ya simu, unaweka nywila, mnaunganika. Kuna printa ambazo humtaka mwenyewe abonyeze kitufe kukubali kila simu ngeni inayobisha hodi, kwa hivyo hakuna mtu wa kujiprintia kutoka nje ya mlango.

Kuifanya ni rahisi. Unganisha simu na Wi-Fi ya printa. Fungua faili yako, gusa vile vitone vitatu au alama ya kushiriki, chagua Chapisha, kisha uchague printa kwenye orodha. Hapo kuna mitego michache ambayo ndiyo hufanya watu waseme "hii kitu haifanyi."

Wa kwanza ni ukubwa wa karatasi. Baadhi ya simu huja zikiwa zimewekwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, ilhali sisi hutumia A4. Usipobadilisha, printa inaweza kugoma au kukata maandishi pembeni. Wa pili ni mtandao wa wageni. Ukipewa Wi-Fi ya wageni, mara nyingi imewekwa makusudi isione vifaa vingine, kwa hivyo printa hutaiona hata ikiwa mbele ya pua yako. Wa tatu ni wa Wi-Fi Direct: simu inagundua kwamba mtandao ule hauna intaneti, inauacha kimyakimya na kurudi kwa data. Ikikuuliza kama ubaki, sema ndiyo, au uzime data kwa dakika hizo mbili.

Na kabla hujafika saiba, geuza wasifu kazi wako uwe PDF. Ukiuacha kama hati ya Word, maandishi yanaruka, jedwali linavunjika, na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Kisha unaanza kumlaumu mhudumu, ilhali kosa ni la fonti ambayo kompyuta yake haina.

Najua mwenye saiba anayesoma hapa ameanza kukunja uso. Atauliza, mteja akiprinti mwenyewe, mimi nitahesabuje kurasa? Jibu ni kwamba karatasi bado ni zako na printa iko mezani pako. Karatasi zikitoka, unazihesabu kabla hujamkabidhi. Unachouza ni wino, karatasi, umeme na mashine, na hakuna hata kimoja ambacho simu ya mteja imekunyang'anya. Ulichopunguza ni foleni, virusi vya flashi, na ule mzigo wa kutunza siri za mtaa mzima bila malipo. Siku faili ya mtu ikivuja, wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Si heri usiwe nayo?

Kungekuwa pia na biashara ndani yake. Bango dogo mlangoni, "Printi kwa simu yako, faili haibaki hapa," lingevuta wanafunzi, wauguzi, mawakili wachanga na mtu yeyote anayebeba makaratasi ya watu wengine. Kwenye barabara yenye saiba sita zinazotoza bei moja, hiyo ni tofauti ambayo mteja anaielewa mara moja.

Kuna pia hoja kwamba hata printa si salama kabisa. Ni kweli. Zile mashine kubwa za fotokopi zina diski ndani yake na zinaweza kuhifadhi kazi zilizopita, na kwenye Wi-Fi ya watu wengi mjuzi mwenye nia mbaya anaweza kunusa kinachopita. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya hatari inayohitaji mjuzi na faili iliyoachwa wazi ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifungua. Mtu hakatai kufunga mlango kwa sababu dirisha lina kioo.

Kwa walio vyuoni, hesabu iko tofauti kidogo. Wanafunzi 4 wanaokaa chumba kimoja, kila mmoja akiprinti kurasa 100 kwa muhula kwa Sh10, wanalipa Sh4,000 kwa muhula huo. Kwa miaka 4 yenye mihula 2 kila mwaka, hizo ni Sh32,000. Printa ya tangi la wino, ile unayoijaza kutoka kwa chupa, ina gharama mwanzoni lakini chupa zake hutoa maelfu ya kurasa. Sisemi kila chumba kinunue. Kuna wenzetu ambao Sh4,000 ni chakula cha mwezi. Nasema mkikaa chini mkapiga hesabu kama kundi, mnaweza kushangaa. Na maktaba za vyuo, ambazo tayari zina Wi-Fi na zina printa, zinangoja nini kuviunganisha viwili hivyo ili mwanafunzi aprinti kutoka kwenye simu?

Siwezi kumaliza bila kuzigusa ofisi zenyewe. Serikali imehamishia huduma zake nyingi kwenye mtandao, lakini ukifika dirishani bado unaambiwa, "Leta kopi tatu." Cheti cha PIN umepewa kwa PDF, ofisa anaweza kukikagua papo hapo kwenye tovuti ya KRA, na bado anataka karatasi ya kuweka kwenye faili ya kadibodi. Kila "leta kopi" ni Sh10 nyingine kutoka kwa mtu asiye na kazi, na ni safari nyingine ya kitambulisho chake kwenye kompyuta ya mtu. Waajiri wanaotaka vyeti vyote vya karatasi kutoka kwa waombaji 500 ilhali wataita 10 kwa mahojiano wajiulize karatasi za wale 490 huishia wapi. Nyingine tumeziona zikifungiwa njugu.

Hadi ofisi hizo zibadilike, tutaendelea kuprinti. Basi tuprinti kwa akili. Leo jioni fungua WhatsApp yako, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na uondoe kompyuta yoyote usiyoitambua. Kisha safari ijayo ya saiba, mhudumu akisema "Nitumie kwa WhatsApp, boss," muulize kwa upole, "Kwani printa yenu haina Wi-Fi?" Akisema haina, mwombe afute faili yako ukiwa umesimama pale, kwenye folda na kwenye pipa la taka la kompyuta. Tukiwa kumi tunaouliza swali hilo kwa wiki moja, ile ya kumi na mmoja mwenye saiba atakuwa ameshapata jibu.