KINGA YA ZIWA BABATI IANZE SASA

MWAKA 1988 wataalamu walimgundua kome mdogo mwenye milia katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Kome huyo hakuwa wa maji yale. Asili yake ni maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Alivushwa Atlantiki ndani ya maji ambayo meli hupakia ili zisiyumbe, kisha akamwagwa ziwani pamoja na maji hayo. Mwishoni mwa mwaka 1989 mji wa Monroe, jimboni Michigan, ulikosa maji kwa sababu kome hao walikuwa wameziba njia ya kuyavuta kutoka Ziwa Erie.

Kome jike mmoja aweza kutaga hata mayai milioni moja kwa mwaka. Watoto wake hawaonekani kwa macho. Huelea majini, kisha hujishikiza kwenye mawe, vyombo na mabomba. Hula kwa kuchuja maji, na hivyo huwanyang'anya samaki wachanga chakula chao. Maji ya maziwa yale yalipokuwa maangavu, asiyejua aliweza kudhani ni neema. Kumbe uangavu ule ulikuwa njaa ya samaki.

Yupo atakayeuliza: hayo yanaihusu nini Babati? Kweli, kome huyo si tatizo letu, wala si kila kome ni adui. Maziwa yetu yana kome wake wa asili wasio na madhara. Lakini njia aliyopita mgeni huyo ndiyo njia ya wavamizi wote, nasi tumekwisha kuionja. Gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye ua la kupendeza, lilienea Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika ghuba nyingi, likizuia mitumbwi, vivuko na njia za maji. Nchi zote tatu zililazimika kulipiga vita kwa mikono, kwa mitambo na kwa kufuga fukusi wanaolila. Lilipungua, lakini halikwisha hadi leo.

Ziwa Victoria ni kubwa, likaweza kustahimili. Ziwa Babati ni dogo, nalo limeshikana na mji. Mafuriko ya mwaka 1990 yalitufundisha kwamba likiugua ziwa, mji nao huugua. Humo mna samaki, mna viboko, na pembeni mwake wako watu wengi wanaolitegemea. Kiumbe mgeni akiota mizizi humo, hatutakuwa na ghuba nyingine ya kuhamia.

Kwa hiyo kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe haina gharama kubwa. Mtumbwi, nyavu na ndoo vinavyotoka ziwa jingine vioshwe na kukaushwa juani kabla ya kuingia majini. Vifaranga vya samaki visimwagwe ziwani bila idhini ya maofisa wa uvuvi. Mmea wa kupamba bwawa la nyumbani usitupwe mtoni. Mvuvi aonapo kiumbe asichokijua, atoe taarifa siku hiyo hiyo.

Tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini sheria inayokaa kabatini hailindi ziwa. Ofisa ambaye hajafika mwaloni kuzungumza na wavuvi hawezi kudai kwamba ametimiza wajibu wake.

Walimu nao wanayo nafasi ya pekee. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilithibitisha kwamba wananchi wakielezwa sababu, hutenda bila kusukumwa. Mwanafunzi anayelijua ziwa lake atakuwa wa kwanza kumwona mgeni.

Mvamizi wa majini hapigi hodi. Akionekana na kila mtu, tayari amekwisha kuzaa. Hatuna budi kuulinda mlango ungali umefungwa.