UCHAMBUZI: Vita dhidi ya nzi wa maembe visisahau misitu

MNAMO 2014, Kenya ilisitisha yenyewe uuzaji wa maembe katika nchi za Muungano wa Ulaya, baada ya shehena kupatikana na funza wa nzi wa matunda. Soko hilo lilifunguliwa tena 2021. Kwa miaka saba, mkulima wa Makueni, Embu au Kilifi alikosa mnunuzi huyo, huku gharama za shamba zikimsubiri kama kawaida.

Mhusika mkuu ni nzi mwenye asili ya Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Pwani ya Kenya mwaka wa 2003 kabla ya kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani ya tunda. Funza hula nyama yake, kisha hujichimbia udongoni na kuibuka wakiwa nzi. Dawa inayonyunyiziwa majani haimfikii funza aliyejificha ndani ya embe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo, si kila nzi wa matunda ni mgeni, wala si kila mmoja ni adui. Jamii hii ina zaidi ya spishi 4,000 duniani. Ceratitis cosyra, anayeshambulia maembe, ni mwenyeji wa Afrika. Ceratitis capitata, anayeharibu machungwa na matunda mengine kutoka Ulaya hadi Amerika ya Kusini, asili yake pia ni bara hili. Wengine wengi huishi katika matunda ya mwituni bila kumdhuru mkulima yeyote.

Ni kweli kwamba matunda ya mwituni huweza kuwahifadhi nzi waharibifu msimu wa maembe unapokwisha. Lakini anayehitimisha kwamba msitu ni maficho ya adui, hivyo ufyekwe, anasahau kwamba humo pia huishi nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mayai au funza wa nzi hao na kuwaua.

Mgeni kutoka Asia alistawi hapa kwa kuwa aliwaacha maadui wake nyuma. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu cha ICIPE, Nairobi, waligundua kuwa nyigu wa kienyeji walipotaga ndani ya funza wake, mwili wa funza uliyazingira mayai hayo na kuyaua. Ndipo mwaka wa 2006 nyigu Fopius arisanus, naye mwenye asili ya Asia, akaletwa kutoka Hawaii.

Kenya nayo imetoa. Nyigu Fopius ceratitivorus, aliyepatikana katika kahawa ya Kenya ya kati, alipelekwa Guatemala na Hawaii kupambana na Ceratitis capitata. Kabla ya hapo, ni nani hapa nchini aliyejua thamani yake?

Serikali za kaunti zinapaswa kuwahimiza wakulima kutumia mitego na kuokota maembe yaliyoanguka, kwa kuwa uzembe wa jirani mmoja huharibu jasho la kijiji kizima. Dawa kali zinazoua nyigu pamoja na nzi zipunguzwe. Na misitu kama vile Kakamega na Arabuko-Sokoke ilindwe, kwani mdudu asiye na jina leo huenda akaokoa soko letu kesho. Embe huoza, akiba haiozi.