TAHARIRI: BREKI HAIZIBWI KWA SABUNI



Pikipiki ya ushirika ndiyo inayofuata dawa za mifugo Kondoa mjini, ndiyo inayompeleka karani benki, na usiku ikibidi inamkimbiza mama mjamzito zahanati. Pikipiki hiyo sasa inavuja breki ya mbele. Pale kwenye kile chuma kinachobana diski pana kiskrubu kidogo chenye tundu, cha kutolea upepo kwenye mafuta ya breki. Kilifunguliwa kwa plaizi mpaka kona zake zikaliwa, halafu kikazibwa kwa sabuni na mpira wa tyubu. Jambo hili halikubaliki hata kidogo.

Wapo wanaosema ati breki ya nyuma ipo, tungoje tuuze alizeti. Hapana, ndugu zetu. Ukifunga breki uzito mwingi unaegemea mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Na tangu barabara ya lami ya Dodoma–Babati ifunguliwe mwaka 2018 vijana wanakwenda mbio kuliko enzi za vumbi. Ile miteremko ya Kolo mpaka Bereko mnaijua wenyewe. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya vidole inafika kwenye pedi. Upepo unabonyea. Ukiingia kidogo tu, mkono wa breki unakwenda mpaka mwisho na pikipiki haisimami.

Tunaitaka kamati itoe fedha wiki hii. Skrubu yenyewe haifiki bei ya debe la mtama. (Fedha za chai ya mkutano uliopita zilipatikana upesi sana.)

Kazi ifanywe na fundi, kwa spana ya boksi yenye pembe sita, siyo plaizi tena. Apake kwanza mafuta ya kulegeza kutu, ailaze usiku kucha. Ikigoma agonge taratibu, asiininginie spana, maana skrubu ina tundu ndani na hukatika upesi; ikikatikia mle, gharama ni nyingine kabisa. Ile ya zamani ichukuliwe dukani ifananishwe meno. Zipo zinazofanana kwa macho lakini meno mbalimbali, na chuma cha breki ni alumini, ukilazimisha unakiharibu.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anabana breki na kushikilia. Mwenzake anafungua skrubu kidogo, mapovu yanatoka kwa kibomba cha plastiki hadi kwenye chupa, anafunga ndipo yule aachie. Warudie mpaka mapovu yaishe, na kile kikopo cha juu kisikauke. Mafuta yawe ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa mpya, kwa sababu iliyokaa wazi hunyonya maji. Oili ya injini marufuku! Inavimbisha mipira yote ya ndani.

Mpaka hapo pikipiki ikae ghalani, na ufunguo awe nao mtunza stoo, asipewe mtu hata akiwa mjumbe wa kamati. Akitokea mgonjwa, mweka hazina atoe nauli ya kukodi chombo kingine, usiku au mchana. Vijana wenye pikipiki za diski waje waone fundi akifanya kazi, na wakague za kwao.