Kompyuta Si Taipureta

Wako wenzangu katika ualimu, waliostaafu na walio kazini, wanaoamini kwamba mtoto amekwisha kufundishwa kompyuta akijua kuiwasha, kuandika barua, kuichapa na kuizima. Nimewasikia wakisema hivyo Tarime mjini, na nimewasikia Mugumu. Wazazi wanashangilia, cheti kinatolewa, na kijana akirudi nyumbani anaitwa mtaalamu. Mimi napinga. Kijana huyo amefundishwa taipureta yenye kioo.

Ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kila simu ya kugusa, mna programu moja ambayo mtumiaji haioni kamwe. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu ya mashine, inayoamua kazi ipi itangulie na ipi isubiri, inayosema na betri, kioo na antena. Wenyewe huiita kerneli. Mimi nitaiita kiini. Programu nyingine zote ni wapangaji, kiini ndicho mwenye nyumba. Kikikosea hesabu, nyumba nzima inasimama.

Kiini kiitwacho Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na umri wa miaka 21. Tangu mwaka 1992 kinatolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukisoma, kukibadili na kukigawa, kwa sharti kwamba anayekigawa asiwafiche wenziwe maandishi yake ya asili. Leo ndicho kilichomo katika simu za Android. Kwa hiyo kijana achungaye ng'ombe kule Nyamwaga, akiwa na simu ya aina hiyo, anatembea na kitabu cha mamilioni ya mistari ambacho ana haki ya kukifungua. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba kipo.

Nikisema hayo huambiwa: Mwalimu, hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna shida ya madawati. Shida ya madawati naijua, nimeyahesabu miaka mingi kuliko wengi wanaonijibu hivyo. Lakini hoja ya kwamba kiini hakituhusu ilikwisha kujibiwa hapa hapa wilayani Serengeti. Katika miaka ya 2000 Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, ilishirikiana na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, Sweden, katika mradi wa mawasiliano vijijini, na wilaya za Bunda na Serengeti zikawa za majaribio. Kwa kuwa umeme wetu tunaujua, wahusika walizitazama sana ruta za bei nafuu zinazokula umeme kidogo na zinazoendeshwa na Linux. Mwaka 2011 waliandika juu ya mtandao huo Amos Nungu, Mtanzania aliyekuwa akisoma KTH, pamoja na Björn Pehrson na Robert Olsson.

Mshike huyo wa mwisho. Miaka kumi kabla, mwaka 2001, Olsson na wenziwe Jamal Hadi Salim na Alexey Kuznetsov walieleza namna walivyotibu ugonjwa mkubwa ndani ya Linux. Ugonjwa ulikuwa huu. Kila kifurushi cha data kilipofika, kadi ya mtandao ilipiga hodi: acha unachofanya, nimekuletea mzigo. Mizigo ikija mmoja mmoja, hakuna neno. Ikija kwa maelfu kila sekunde, kiini kinashinda kikiitikia hodi tu, na mizigo yenyewe inarundikana hadi inatupwa. Mashine i hai, inahema, haitoi kitu. Mwalimu mkuu yeyote aliyeandikisha watoto wa darasa la kwanza huku mlango wa ofisi ukiwa wazi kwa kila mzazi anaifahamu hali hiyo. Dawa yao ni kwamba hodi ya kwanza ikisikika, kiini kinanyamazisha kengele, kinaiendea foleni chenyewe na kuchukua mizigo kwa mafungu mpaka iishe, ndipo kengele inaruhusiwa tena. Njia hiyo, waliyoiita NAPI, imo ndani ya Linux hadi leo.

Sasa niambieni ni kipi hapo ambacho mwanafunzi wa Mugumu hawezi kukielewa. Kazi ya mtu huyu iko wazi, mstari kwa mstari, na mtu huyo huyo aliandika juu ya mtandao wa wilaya yao! Ilikuwa nafasi ya kuwafundisha vijana kitu kinachowahusu. Sijaona darasa hata moja katika wilaya hizi mbili lililoyafungua maandishi hayo.

Nami sidai kila mtoto awe mtengenezaji wa viini. Nadai afundishwe namna ya kutafuta kosa, kwa sababu hapo ndipo watu wa Linux wanapotushinda sisi walimu. Tuseme toleo la zamani lilifanya kazi na toleo jipya linakwama, na kati yake pana mabadiliko 10,000. Hawakisii, wala hawamtafuti mchawi. Wanajaribu toleo la katikati. Likiwa zima, kosa liko nusu ya pili. Likiwa bovu, liko nusu ya kwanza. Wanagawa tena, na tena. Majaribio 14 yanatosha kumkamata mkosaji mmoja kati ya 10,000. Hizo ni hesabu za kugawa kwa mbili, za shule ya msingi. Kisha anayeleta marekebisho huyaleta madogo, moja moja, akieleza kwa maneno yake kosa ni nini na kwa nini dawa yake inafaa, na anatia sahihi yake. Mwenzake anayajaribu na anaweza kuyakataa hadharani. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hapakuwa na Linux, lakini sijui zoezi lingine linalomfaa zaidi mwanafunzi yule aliyemkusudia.

Mafundi simu wa Sirari wako nusu ya njia hiyo. Simu ikigandia kwenye nembo, wanaiflashi, inafufuka, mteja analipa. Nawaheshimu. Ila ukiwauliza kwa nini iliganda, wanacheka. Hawakufundishwa kwamba swali hilo lina jibu.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kilitoa programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi njema. Lakini tulipaka rangi ukuta wa nje kwa lugha yetu, tukaridhika, hatukuingia ndani.

Na wale wanaosema kwamba kitabu kikiwa wazi makosa yatajifichua yenyewe, nao wanadanganyika. Mwaka 2016 lilifichuliwa kosa lililoitwa Dirty COW, yaani ng'ombe mchafu (jina la kuwafurahisha Wakurya), lililokuwamo ndani ya Linux tangu mwaka 2007. Lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia madaraka yote ya msimamizi wa mashine. Miaka tisa lilikaa katika maandishi ambayo dunia nzima iliruhusiwa kuyasoma. Wasomaji hawakutosha. Sisi tulikuwa wapi?

Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja nilionyeshwa chumba cha kompyuta zilizofunikwa vitambaa, mlango una kufuli mbili. Nilipouliza sababu nikajibiwa kwamba wanachuo watazichokonoa. Chumba cha namna hiyo ni stoo.

Shule yenye kompyuta 10 iitoe moja, ile kuukuu kuliko zote, maana Linux huendeshwa hata na mashine ambayo ofisi imeitupa. Ipewe meza yake na daftari lake. Iwe chini ya mwalimu wa hesabu, si karani. Wanafunzi waruhusiwe kubadili kiini chake, jambo moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe daftarini pamoja na jina la aliyelifanya. Ikifa, irudishiwe Linux kutoka kwenye flashi, na Jumatatu waanze tena.